Kutafuta Wafadhili: Ni Kazi au ni Kuombaomba?

Kwa muda sasa tumekuwa tukiulizwa swali moja kwa njia nyingi. Anauliza mama mwenye binti aliyemaliza chuo cha maendeleo ya jamii na bado yuko nyumbani. Anauliza katibu wa kikundi cha akina mama aliyeambiwa, "Wewe unajua kuandika, tutafutie mfadhili." Anauliza pia mke ambaye mradi aliokuwa akiutumikia umefungwa, na sasa anatazama upande mwingine. Je, kuandika maandiko ya miradi na kutafuta fedha kwenye taasisi za ufadhili na kwenye makampuni ni kazi ya kweli, inayoweza kulisha nyumba na kusomesha mtoto? Au, kama baba mmoja wa Maswa alivyomwambia mkewe, ni kuombaomba kwa kutumia kompyuta?

Swali hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2025. Januari ya mwaka huo Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Wauguzi, wahasibu, madereva na maafisa miradi waliokuwa wakilipwa na fedha hizo walijikuta nyumbani. Mashirika yaliyobaki yakaanza kugonga milango mingine, na milango hiyo ni hasa ya taasisi binafsi za ufadhili na ya makampuni. Kwa hiyo watu wanaojua namna ya kuigonga wanatafutwa, na wanaotaka kujifunza ni wengi. Ndiyo maana mwezi huu tunalizungumza jambo hili kwa kirefu, tukitazama zaidi mkoa wa Simiyu.

Kwanza tulimalize neno la yule baba. Mnajua kwamba maji ya Ziwa Victoria yanayokusudiwa kufika Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu yana andiko nyuma yake? Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Mabadiliko ya Tabianchi uliidhinisha fedha kwa ajili ya mradi huo wa Simiyu, ukipitia benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW. Watu walikaa chini wakaandika ukame ukoje, akina mama wanatembea umbali gani, mabomba yatapita wapi na yatagharimu kiasi gani. Kama Serikali yenyewe inaandika andiko, hatuoni kwa nini mke wa mtu aone aibu.

Wala jambo hili si geni katika Maandiko. Nehemia aliposimama mbele ya mfalme hakusema tu kwamba Yerusalemu imeharibika. Mfalme alipomuuliza safari itachukua muda gani, alitaja muda. Kisha akaomba barua za kupita kwa maliwali, na barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba atakayokaa. Muda, vibali, vifaa, na matumizi ya kila kifaa: hata leo mfadhili anauliza hayo hayo.

Sasa kazi yenyewe ikoje? Wengi hudhani ni kuandika Kiingereza kizuri. Kiingereza kinahitajika, hatuwadanganyi, kwa sababu taasisi nyingi za nje hazisomi lugha nyingine. Lakini sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla kalamu haijashikwa. Shirika linataka, kwa mfano, kuisaidia zahanati ya kijiji kimoja Itilima. Mwenye kazi hii atapanda pikipiki hadi pale, atamsalimu muuguzi, atauliza mwaka jana walijifungulia akina mama wangapi, wangapi walipelewa rufaa, na gari lilikuja baada ya saa ngapi. Atatazama daftari kwa macho yake. Ataenda kwa mwenyekiti wa kijiji aulize kama eneo lile limepimwa. Akirudi mjini atakaa na mhasibu wahesabu: saruji mifuko mingapi, fundi siku ngapi, mafuta ya pikipiki, posho ya msimamizi, ada ya mkaguzi wa hesabu. Akisahau ada ya mkaguzi, itakuja kulipwa kutoka kwenye saruji.

Halafu kuna kuchagua. Taasisi moja inafadhili elimu ya wasichana tu. Nyingine haijengi majengo hata kidogo. Nyingine inataka shirika lenye hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili au mitatu. Mtu asiyejua kazi hupeleka andiko moja kwa taasisi 20 na kupata majibu 20 ya kukataliwa, kama anajibiwa. Anayejua husoma masharti wiki nzima, kisha anapeleka matatu. Na fedha zikishafika ndipo kazi inapoanza upya, maana kuna ripoti. Shirika lililopewa fedha halafu likachelewesha ripoti kwa miezi sita lisishangae mlango ukifungwa.

Makampuni ni habari nyingine, na hapa Simiyu ina somo ambalo wengi wetu tunapita karibu nalo bila kulitazama. Kule Mwamishali, wilayani Meatu, iko bioRe Tanzania, inayonunua pamba inayolimwa bila mbolea za viwandani wala dawa za kemikali. Kazi hiyo ilianza mwaka 1994, na nyuma yake iko kampuni ya Uswisi iitwayo Remei, iliyoanzishwa na Patrick Hohmann, mfanyabiashara wa nyuzi. Mkulima wa pamba hiyo hulipwa nyongeza juu ya bei ya soko. Mwaka 1997 Remei na Coop, kampuni kubwa ya maduka ya Uswisi inayouza nguo za pamba hiyo, walianzisha mfuko wa bioRe kwa ajili ya jamii za wakulima. Fedha zake zimechimba visima na kujenga majiko yasiyojaza moshi jikoni, yanayotumia kuni kidogo.

Tazameni vizuri hapo. Kwa nini kampuni ya maduka ya Ulaya itoe fedha kwa jiko la mama wa Meatu? Huruma ipo, lakini si huruma peke yake. Mnunuzi wa shati kule Uswisi anataka kujua kwamba aliyelima pamba ile hakunyanyaswa. Kuni zisizochomwa huhesabiwa kama hewa chafu iliyopunguzwa, na hesabu hiyo kampuni inaihitaji. Na kampuni inataka wakulima wale wale wabaki nayo mwaka hadi mwaka. Mama anayetaka kuzungumza na kampuni ajue jambo hilo kwanza: kampuni inapata nini na jamii inapata nini, na pande hizo mbili zinakutana wapi. Si dhambi kuliuliza. Dhambi ni kuliuliza kisha kusaini jambo linalomnufaisha mmoja tu.

Mfano wa pili uko kwa jirani zetu. Mwaka 2013 mfuko wa kampuni ya simu ya Vodafone ulianza mpango wa kuwasafirisha akina mama wajawazito huko Sengerema, ambao baadaye ulifika mkoa wa Shinyanga. Leo tunaujua kwa jina la m-mama. Mahali pasipo na gari la wagonjwa, dereva wa kawaida wa kijiji huitwa kwa kupitia namba 115 isiyo na malipo, naye hulipwa nauli yake kwa simu. Mwaka 2022 mpango ukaanza kuenezwa nchi nzima pamoja na Serikali. Kwa nini kampuni ya simu ilivutwa na jambo hili? Kwa sababu tatizo lilielezwa kwa namna ambayo simu na malipo ya simu yalikuwa sehemu ya jibu. Kama ingeombwa kujenga madarasa, huenda ingetoa hundi moja na kupiga picha.

Geita nako, mgodi wa dhahabu wa GGM umekuwa ukiendesha tangu mwaka 2002 zoezi la watu kupanda Mlima Kilimanjaro ili kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI, pamoja na Tume ya Taifa ya Kudhibiti UKIMWI. Simiyu haina mgodi mkubwa wa namna hiyo. Nikeli ya Dutwa imezungumzwa miaka mingi bila kuchimbwa. Simiyu ina wachambuaji wa pamba, mabenki, makampuni ya simu, na wafanyabiashara wa mazao. Anayeishi Bariadi aanze na hao. Meneja wa benki aliye mjini unaweza kumfikia kwa miguu, na yeye ana makao makuu ambayo humwuliza kila mwaka amefanya nini kwa jamii.

Kwa upande wa taasisi za ufadhili, si zote ziko ng'ambo. Foundation for Civil Society iko Dar es Salaam na imekuwa ikitoa ruzuku kwa mashirika ya Kitanzania tangu mwaka 2003. Upo Mfuko wa Wanawake Tanzania, unaotazama vikundi na mashirika ya wanawake. Segal Family Foundation ya Marekani hufadhili mashirika ya wenyeji katika Afrika Mashariki. Ford Foundation ina ofisi Nairobi tangu miaka ya 1960. Tunayataja majina haya ili msomaji ajue pa kuanzia kutafuta, si kwamba tunamwahidi chochote.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike ukurasa huu, nalo ni malipo.

Wako watu wanaozunguka wilayani wakijiita wataalamu wa maandiko. Hukiambia kikundi, "Nipeni laki mbili za kuanzia, na fedha zikitoka mtanipa asilimia kumi." Akina mama wanachangishana, wengine wanauza kuku, andiko linaandikwa kwa kunakiliwa kutoka kwenye andiko la watu wa mkoa mwingine, na jina la kijiji hubadilishwa. Tumeliona moja ambalo katikati ya ukurasa wa nne liliendelea kuzungumzia wavuvi wa mkoa ule, wakati kikundi kiko Meatu.

Lakini hata kama mwandishi ni mwaminifu, asilimia ni njia mbaya, na tunapenda kueleza kwa nini, maana wasomaji wetu wengine wameahidiwa kulipwa hivyo. Hebu tupige hesabu. Shirika linaomba shilingi milioni 30 za madawati. Asilimia kumi ni milioni tatu. Mfadhili ametoa fedha za madawati, na katika bajeti aliyosaini hakuna mstari unaosema milioni tatu za mama fulani. Basi zitatoka wapi? Zitatoka kwenye mbao. Na risiti itaandikwaje? Itaandikwa ya uongo. Hivyo mama aliyeanza kwa kusaidia watoto atajikuta anatafuta risiti ya mbao ambazo hazikununuliwa, na jina lake liko kwenye ripoti.

Kuna jambo la pili. Anayelipwa kwa asilimia hushawishika kuomba kingi kuliko kinachohitajika, na kumkimbilia mfadhili mwenye fedha nyingi hata kama masharti yake hayalingani na kazi ya shirika. Chama cha kimataifa cha wenye kazi hii, Association of Fundraising Professionals, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1960, kinawakataza wanachama wake kupokea malipo ya asilimia ya fedha zinazopatikana. Hiyo ni kanuni ya watu wanaoishi kwa kazi hii. Basi dada, ukiitwa kufanya kazi hii, omba mshahara wa mwezi, au malipo ya siku zilizojulikana yaliyokubaliwa kabla, andiko likubaliwe au likataliwe. Shirika lisiloweza kukulipa kabisa liseme wazi kwamba unajitolea, na liseme kwa muda gani.

Pamoja na malipo kuna majaribu ya namna nyingine. Ukiandika yatima 60 badala ya 23, hakuna atakayetoka London kuja kuhesabu. Ndivyo watu wanavyoambiana. Lakini wapo wanaokuja. Na hata wasipokuja, wale 37 wa kubuni watahitaji sare za kubuni na ada za kubuni, na mwisho wa mwaka mhasibu ndiye atakayekonda. Vilevile picha. Mtoto hupigwa picha akiwa uchi wa miguu mlangoni pa jiko, kamasi zinatoka, kisha picha inakwenda kwa wafadhili na mama yake hakuulizwa. Tunawaomba mjiulize: kama ni mwanao, ungeruhusu? Mtoto yule atakua, na atajifunza kusoma.

Je, nani anaweza kuifanya kazi hii? Tunadhani wengi wenu mmeshaianza bila kujua. Mama aliyekuwa katibu wa VICOBA kwa miaka mitano, anayejua nani amelipa hisa na nani anadaiwa, ambaye sanduku lenye kufuli tatu halijawahi kupungua mbele yake, ana nusu ya kazi mkononi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wafadhili wanaamini hivyo hivyo. Nusu nyingine inafundishika. Kwa kanda yetu viko vyuo vya maendeleo ya jamii vya Misungwi, mkoani Mwanza, na Buhare, mkoani Mara. Iko Taasisi ya Tengeru huko Arusha, na karibu nayo, Usa River, kiko chuo cha MS-TCDC, ambacho kwa miaka mingi kimewafundisha wafanyakazi wa mashirika kwa kozi fupi. Binti asipuuze uhasibu. Tukiambiwa tuchague kati ya anayeandika vizuri na anayejua bajeti, tutamchukua wa bajeti na tutamfundisha kuandika.

Jambo la usajili huwakwaza wengi. Cheti cha kikundi kilichotolewa na halmashauri si sawa na usajili wa shirika lisilo la kiserikali, ambao uko chini ya sheria namba 24 ya mwaka 2002. Taasisi nyingi kubwa haziwezi kukipa kikundi cha VICOBA ruzuku, hata kikiwa kizuri namna gani. Na mashirika nayo yana wajibu wake: taarifa ya kila mwaka na ada yake. Kanuni za mwaka 2018 ziliweka pia sharti kwamba mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Anayefanya kazi ya kutafuta fedha ndiye anayetarajiwa kuyakumbuka haya. Asipokumbuka yeye, hakuna mwingine. Kabla ya kulipa mtu yeyote, nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya. Kumuuliza ni bure. Na mikopo ya halmashauri ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu msiichanganye na haya tunayozungumza. Ule ni mkopo, unarudishwa.

Tusifiche ugumu. Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au miwili, na mradi ukiisha mshahara nao huisha. Kukataliwa ni kwingi kuliko kukubaliwa, hata kwa wenye ujuzi. Mama anayeingia katika kazi hii asiuze cherehani yake wala kuacha shamba lake mwaka wa kwanza. Na shirika linalotegemea mfadhili mmoja liko katika hatari ambayo mwaka 2025 umetuonyesha kwa macho. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa hiyo mwenye kazi hii, kama ni mwaminifu kwa shirika lake, atasisitiza pia michango ya wanachama wenyewe, hata ikiwa ni shilingi elfu moja kwa mwezi. Wafadhili wengi huiulizia. Kijiji kilichokwisha kufyatua tofali kina neno la kusema.

Mwisho ni habari ya nyumbani, ambayo vitabu vya kazi hii havielezi. Wafadhili wa ng'ambo hupenda kuzungumza kwa simu ya picha kabla ya kutoa fedha, nao hupanga muda kwa saa zao. Saa nne asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni huku kwetu, na miezi ya baridi kwao inakuwa saa kumi na mbili. Wa Seattle wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, huku ni saa moja au saa mbili usiku. Ni saa ya kusonga ugali, ya kuogesha watoto, ya baba kurudi. Mama ataonekana ameketi na simu, anacheka kwa Kiingereza na mwanamume asiyejulikana. Nyumba zimeingia katika maneno kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Tunashauri mzungumze mapema, kabla simu ya kwanza haijapigwa: mwonyeshe mumeo barua ya mwaliko, mtajie jina la taasisi na saa yenyewe, na kama mtandao wa nyumbani ni hafifu na itabidi ubaki ofisini mjini, mpatane nani atakufuata na pikipiki. Na ugali wa siku hiyo binti mkubwa, au kaka yake, anaweza kuusonga.